Chakula cha levire hakiokotwi mu mugodi

Bandugu wa kazi, bamama wa nyumbani, leo tunataka kusema juu ya pombe. Musishituke, hatukuja kuhubiri. Padri na pasta wako na kazi yao, na sisi wa sindika tuko na yetu. Yetu ni kulinda maisha ya mufanyakazi, na maisha yake hayaishii ku mulango wa kompani. Anarudi nayo mu parsele, mu jikoni, mpaka mu kopo ile anakunywa kisha kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Mu ma cité yetu kuna watu wanatia punje nyeupe mu pombe ya nyumbani kusudi ichemuke mbio. Mumoja anatia urea ya shamba. Mwingine anatia NPK. Na mwingine, huyu njo anatutia woga kupita wote, anatia nitrati, zile punje za kutengenezea baruti mu karyeri. Ukiuliza, jibu ni moja: "Ni chakula ya levire, weka paka kiyiko moja, asubui utaona povu."

Neno hilo si uongo wote. Levire ni kitu chenye uhai, na kila chenye uhai kinakula. Lakini kile levire haikumaliza kula kinabaki mu pombe, na pombe inaingia mu mwili wa mutu. Mama anayelisha levire analisha pia bwana yake na wateja wake, na kama kinywaji ni munkoyo, analisha mutoto. Kwa hiyo sisi tunasema waziwazi: kitu ambacho huwezi kukitia mu bukari ya mutoto wako, usikitie mu pombe.

Hatuko kinyume cha bamama wanaopika pombe. Tunawajua. Kisha mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi mu ile operesheni ya "départs volontaires", nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilibaki zinasimama ku mikono ya bamama. Mumoja aliuza mukate, mwingine makala, mwingine kibuku. Pombe ile imelipa minerval, imelipa dawa, imezika wafu wetu. Mutu asiyejua hayo hana haki ya kuwahukumu. Ni kwa sababu tunaheshimu kazi yao tunataka ifanywe bila sumu.

Levire inakula nini

Tuanze na kuelewa, maana mutu aliyeelewa hadanganywi. Levire ni kidudu kidogo sana, macho haikioni. Kinakula sukari, na mu kuila kinatoa pombe na hewa ile inafanya povu. Lakini sukari ni kama makala mu imbabula: inaleta nguvu, haijengi mwili. Ili levire ijenge mwili na kuzaa, inaomba azoti, inaomba chumvi kidogo za madini kama manyezi na zinki, inaomba na vitamini. Mutu naye ni vilevile: bukari peke yake inashibisha, lakini bila samaki, maharagi ao sombe mwili unazorota.

Sasa angalia pombe zetu. Kibuku inapikwa na mahindi ao masaka yaliyooteshwa. Punje ikiota, inafungua akiba yake: wanga unageuka sukari, na protini inavunjika kuwa azoti ile levire inaweza kula. Kwa hiyo kibuku iliyopikwa vizuri iko na chakula chake ndani. Wazee wetu hawakusoma kemia, lakini waliotesha mahindi, na walikuwa na haki.

Munkoyo ni habari nyingine. Pale ni ule muzizi unaofanya kazi. Unapondwa, unatiwa mu uji wa mahindi uliopoa kidogo, uji unalainika na kuwa mutamu, kisha unachacha usiku mumoja. Uchachu wake unatoka zaidi ku vidudu vya aina ile ya maziwa ya mugando kuliko ku levire. Munkoyo haiombi chakula chochote cha levire. Tunarudia: hakuna. Mutu anayekuambia munkoyo yake inaomba punje nyeupe anatafuta kuigeuza pombe na kuiuza kwa jina la munkoyo.

Shida inaanza ku pombe za sukari na za buki. Sukari ya duka ni nyeupe, safi, lakini haina azoti hata kidogo. Buki nayo iko na azoti kidogo sana; ndiyo maana mbote inachukua muda murefu. Levire ikikosa chakula mu pombe ya namna hiyo, inasimama katikati ya kazi, utamu unabaki, na mara nyingi inatoa harufu ya yai bovu. Wenzetu wa konsantrateri wanaijua harufu ile, maana ni hewa ileile inayoweza kutoka ku dawa za sulfiri zinazotumiwa kuosha mawe ya shaba na kobalti. Mu pombe inatoka kidogo sana, haiui mutu, ni kama kilio cha levire: "Niko na njaa."

Basi njaa ya levire ni jambo la kweli. Ulizo letu ni moja tu: tuilishe nini?

Nitrati ya baruti: bure kwa levire, sumu kwa mutoto

Punje za mugodi ni nitrati ya amoniumu. Ku karyeri zinachanganywa na mazuti, karibu sehemu 94 za nitrati na 6 za mazuti, na mashimo yanajazwa. Punje zile zimetengenezwa na vitundu kusudi zinywe mazuti vizuri. Kwa hiyo punje zilizookotwa pembeni ya shimo ziko na mazuti ndani hata kama kwa macho unaziona kavu. Na hata zile za mufuko mupya zinaweza kupakwa dawa ya kuzuia zisigandamane. Hakuna mutu aliyezitengeneza akifikiri tumbo la mutu.

Lakini tuseme ziko safi kabisa. Hata hivyo ni upuzi. Nitrati ya amoniumu iko na sehemu mbili. Sehemu ya amoniumu levire inaweza kuila. Sehemu ya nitrati, ile kubwa, levire ya mukate na ya pombe haiwezi kuila hata kidogo. Haina kifaa cha kuivunja. Inabaki yote mu pombe.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua gramu 15, kadiri kiyiko kimoja kikubwa, utie mu bidon ya litre 20. Mu gramu 15 zile, nitrati ni kadiri gramu 11,6. Gawanya kwa 20: ni miligramu 580 mu kila litre. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite miligramu 50 za nitrati kwa litre. Kwa hiyo ile "kiyiko moja paka" inapita kipimo hicho zaidi ya mara 11. Na wengi hawapimi kiyiko. Wanatia kwa mukono.

Nitrati inafanya nini? Mu mwili, na hata mu kinywaji chenyewe kikikaa mu joto, vidudu vinaweza kuigeuza nitriti. Nitriti inashika damu, damu inashindwa kubeba hewa. Mutu anapumua lakini hewa haifiki. Midomo na kucha vinageuka rangi ya buluu, kichwa kinauma, mutu anahema bure, akizidiwa anazimia na anaweza kufa. Walio mu hatari zaidi ni watoto wachanga, hasa chini ya miezi 6, na mama mwenye mimba. Na ni nani hapa hajaona mama anamupa mutoto munkoyo kwa kiyiko?

Kuchemusha hakusaidii. Nitrati haiende na moshi. Maji yanapunguka, yenyewe inabaki, inazidi kuwa kali.

Tena kuna jambo lingine, wenye kazi ya minage wanalijua. Baruti na vitu vyake ni vya kuhesabiwa, kila kilo inaandikwa. Mutu anayetoka na kilo mbili mu mufuko wa chakula, akikamatwa, hapotezi kazi tu; anaweza kulala mu gereza. Sisi wa sindika tumezoea kutetea wafanyakazi mbele ya wakubwa, lakini mu kesi kama hiyo maneno yanatukauka. Musituweke pale juu ya povu ya pombe.

Urea na NPK: chakula cha mahindi si chakula cha mutu

Wengine watasema: "Basi tuache nitrati, tutie urea. Ni ya shamba, inauzwa wazi ku soko." Tusikilizane.

Urea levire inaila, hilo ni kweli. Zamani hata watengeneza divai mu nchi za ngambo waliitumia. Lakini ile inayobaki inashikana polepole na pombe, na inazaa kitu kinachoitwa karbamati ya etili, wengine wanakiita uretani. Kadiri joto linavyozidi na siku zinavyopita, kinazidi kuzaliwa. Mwaka 1985 Canada iliweka kipimo cha kitu hicho mu divai na mu pombe kali. Mwaka 2007, wataalamu wa CIRC, kile kituo cha kansa cha Shirika la Afya Duniani kilicho Lyon mu Ufaransa, walikiweka mu kundi la vitu ambavyo kwa hakika kubwa vinaleta kansa kwa mutu. Haiui leo. Inaingia kidogo kidogo, miaka na miaka, kama vumbi ya mugodi mu mapafu. Sisi wafanyakazi wa chini ya udongo tunajua vizuri sana magonjwa yasiyopiga hodi.

Sasa fikiri bidon ya pombe yenye urea, imefichwa chini ya malata, jua la mwezi wa kumi linapiga. Hapo ni mahali pazuri pa kitu hicho kuzaliwa. Na mwenye kuitia ku moto atengeneze lutuku anaiongeza joto zaidi.

NPK na fosfati ya shamba ziko na shida yao. Ku mufuko wanaandika namba tatu: ya kwanza ni azoti, ya pili ni fosfati, ya tatu ni potasi. Namba hizo zinakuambia mumea utapata nini. Haziambii mutu ni uchafu gani umebaki ndani. Fosfati inatoka mu mawe, na mawe yale mara nyingi yako na kadmiumu, madini yanayoharibu figo na yasiyotoka haraka mu mwili. Tena wanaweza kuongeza zinki nyingi, boroni, rangi, dawa ya kuzuia kugandamana. Yote hayo si makosa ya mwenye kutengeneza. Aliandika "engrais". Ni sisi tunaoibadilisha kazi.

Mutu mumoja alituuliza mu mukutano ulizo la akili: "Lakini mahindi tunayokula yamelishwa na urea mu shamba, mbona hatufi?" Jibu ni kwamba mumea ni fundi. Unakunywa urea kupitia udongo, kwa miezi, unaivunja, unaigeuza protini ya punje. Ile unakula si urea tena. Mu bidon hakuna miezi, hakuna udongo, hakuna mumea. Kuna siku tatu, na kinachobaki unakimeza vile kilivyo.

Mbele ya kusema levire iko na njaa

Mara nyingi pombe inasimama, na njaa haiko. Tunaomba bamama waangalie mambo manne kwanza.

Baridi. Sisi wa huku juu, Lubumbashi iko kadiri metre 1.200, Kolwezi karibu 1.400, tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Usiku ule levire inalala kama mutu. Haiombi chakula, inaomba blanketi. Funika bidon, iweke mu nyumba karibu na ukuta wa jikoni, isiwe mbali na joto. Wengi wanatia punje nyeupe mu mwezi wa saba kwa kutibu ugonjwa ambao ni baridi tu.

Moto. Kinyume chake, mutu anatia levire mu uji ungali moto sana. Levire inakufa palepale. Kama kidole hakivumilii, levire nayo haivumilii.

Levire ya zamani. Kopo iliyofunguliwa tangu miezi mingi na kukaa mu unyevu inaweza kuwa imekufa. Ijaribu: kiyiko kimoja mu kopo ya maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Kisha dakika 15 haijatoa povu? Tupa, nunua ingine.

Sukari nyingi. Kutia sukari bila kipimo hakuongezi nguvu, kunaizamisha levire. Anza na kidogo, ongeza nyuma.

Cha kulisha, na namna ya kulisha

Kama umeangalia yote hayo na kweli ni njaa, basi lisha na chakula. Njia ziko, na si za kitajiri.

Ya kwanza ni kimea. Lowesha mahindi ao masaka siku moja, mwaga maji, tandaza ku kitu safi, funika, nyunyiza maji asubuhi na jioni. Kisha siku 3 mpaka 5 yanaota. Anika yakauke vizuri. Yapukuse mu mikono, utupe mizizi na vichipukizi, zaidi sana vya masaka, kwa sababu chipukizi la masaka liko na sumu ya namna ya ile ya muhogo muchungu. Ukiona ukungu wa kijani ao mweusi, usihurumie, tupa yote. Sumu ya ukungu haiishi ku moto. Kilo moja ya kimea kilichopondwa, imeloweshwa mu maji ya moto ya kuvumilika kwa saa moja, kisha ikachemushwa na kuchujwa, inasaidia sana pombe ya sukari ya litre 20.

Ya pili ni levire yenyewe. Musicheke. Levire iliyokufa ni chakula kizuri cha levire iliyo hai. Chukua viyiko viwili vidogo vya levire ya mukate, tia mu kopo ya maji, chemusha dakika 10 mpaka 15. Inakufa, mwili wake unafunguka, azoti na vitamini vinatoka. Acha ipoe, mimina mu bidon ya litre 20. Kisha njo utie levire hai, kipimo chako cha kila siku. Hata levire iliyozeeka mu kopo, ile imekataa kutoa povu, unaweza kuichemusha hivyo, kama haijaoza na haina ukungu. Hakuna kinachopotea.

Ya tatu ni chumvi ya amoniumu na fosfati ya chakula, ile Wafaransa wanaiita "phosphate diammonique", inayouzwa kwa wenye kutengeneza divai. Iko nzuri ikiwa imeandikwa ni ya chakula, na mufuko umefungwa na jina la aliyeitengeneza. Mu sheria ya divai ya Ulaya, kipimo hakipiti gramu 1 kwa litre, na kwa pombe ya nyumbani nusu ya hapo inatosha. Lakini angalia: fosfati ya namna ileile inauzwa kama mbolea, mufuko unaandikwa 18-46-0. Jina ni moja, usafi si mumoja. Mutu akikupimia mu kimufuko cha plastiki bila karatasi, huwezi kujua ni ipi. Kataa.

Tena, wakati wa kulisha. Lisha mwanzo, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya pili. Usilishe ku mwisho. Wakati pombe imekaribia kukomaa levire imechoka kula, na chakula unachomimina kinaliwa na vidudu vingine vinavyoleta uchachu mubaya. Chakula kingi hakifanyi pombe nzuri. Kinafanya tumbo mubaya.

Mapipa na bidon

Kuna kitu kingine kinacholisha pombe bila mutu kujua: chombo. Pombe na munkoyo ni chachu, na uchachu unakula chuma. Ukiweka munkoyo usiku mzima mu ndoo ya malata, unakula zinki yake, na zinki nyingi inatapisha. Na yale mapipa ya buluu, bidon nyeupe zilizotoka mu kompani na dawa za kuosha mawe, hata ukizisugua na omo mara kumi, plastiki imekunywa dawa. Ilivyokunywa, itatapika mu pombe yako. Tumia bidon ya manjano iliyobeba mafuta ya kula, ao ndoo ya chakula. Kama hujui kilichokuwa ndani, hicho si chombo.

Neno kwa wanaume wa zamu

Bababa, musifikiri neno hili ni la wanawake tu. Kwanza, ni sisi tunaoleta mapipa na mifuko ku nyumba. Mama haingii mu karyeri.

Pili, fikirini alkoteste ya ku mulango. Munkoyo ya usiku mumoja ni kinywaji cha familia. Munkoyo iliyotiwa sukari na levire, ao imekaa siku tatu mu joto, ni pombe. Mufanyakazi anaibeba mu chupa kama kinywaji cha kazi, anakunywa asubuhi, anafika ku mulango, kifaa kinalia. Atasema "nilikunywa munkoyo" na hatasadikiwa. Mama akijua bwana yake ataibeba ku kazi, asitie levire wala sukari, na aibebe ileile ya asubuhi.

Tatu, ni sisi tunaosukuma bei chini. Tunataka pombe ya leo, kwa falanga kidogo, na deni mpaka mwisho wa mwezi. Kimea kinaomba siku tano. Punje ya nitrati inaomba usiku mumoja na haina bei, kwa sababu imeibwa. Ukimukimbiza mama namna hiyo, umemusukuma wewe mwenyewe ku mufuko ule. Anayetaka kinywaji safi alipe kazi ya mikono iliyokifanya.

Neno kwa kompani na kwa sisi wenyewe

Kwa kompani tunaomba mambo matatu, na hayana gharama kubwa. Mapipa yaliyobeba dawa yatobolewe ao yapondwe mbele ya kutoka, yasiuzwe wala yasitupwe mazima. Mifuko ya nitrati ihesabiwe ikiwa mitupu, kama vile inahesabiwa ikiwa imejaa. Na maandishi ya hatari yaandikwe mu Kiswahili, si mu Kifaransa, Kingereza na Kichina tu. Code ya kazi ya 2002 inaomba komite ya usalama na usafi mu kazi. Komite hiyo isizungumze tu juu ya kofia na viatu. Izungumze na kile kinachotoka ku mulango na kuingia mu nyumba zetu.

Kwa sisi wa sindika, kazi iko pia. Kila delege aseme habari hii mu timu yake, kwa maneno ya kawaida, bila kutukana mutu. Bamama wanaopika wajue kwamba tunataka kuwafundisha kuchemusha levire na kuotesha masaka. Hatutafuti kuwapeleka ku polisi. Mama aliyefundishwa atafundisha jirani. Mama aliyetishwa ataficha bidon chini ya kitanda.

Na kama mutu amekunywa, midomo ikageuka buluu, anahema, usimupe maziwa, usimutapishe, usimupeleke kwanza ku maombi. Mukimbize ku hopitali, na beba kile kimufuko cha punje na kopo la pombe ile. Ukimwambia munganga "ni nitrati", atajua pa kuanzia, maana dawa ya damu ile iko. Ukificha kwa haya, atatafuta malaria wakati mutoto anaishiwa hewa.

Bamama, mu wiki hii angalieni kila kitu munachotia mu bidon yenu. Kama hakina jina, ao jina lake ni la shamba, ao kilitoka mu mugodi, kitoeni. Chukueni viyiko viwili vya levire na kopo ya maji, weka ku moto. Dakika 15 tu, na wateja wenu watarudi wakiwa wazima.